Baridi yabisi

Ukishuka Buguruni Sheli ukaingia sokoni, si ajabu kumsikia mama muuza ndizi akisema, "Baridi yabisi imenishika vidole." Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu: baridi, na yabisi, yaani kavu, gumu. Yametoka katika tiba ya kale ya Wayunani iliyopitia kwa Waarabu, tiba iliyoyapima maradhi kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Jina zuri, ila naona limetupotosha. Tunailaumu sakafu ya saruji na maji ya alfajiri, kumbe katika baridi yabisi yenyewe kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia mwili.

Wala hauishii kwenye viungo ugonjwa huu. Huweza kuacha makovu kwenye mapafu, au kujaza maji katika utando unaoyazunguka. Hapo pana ukavu gani?

Neno la pili la kuangaliwa ni kifua. Kwetu ni sehemu ya mwili na ni ugonjwa pia: "ana kifua." Basi mgonjwa wa vidole akianza kikohozi kikavu, anahesabiwa maradhi mawili yasiyojuana. Kupima kifua kikuu ni lazima, hasa kwa kuwa baadhi ya dawa za baridi yabisi hushusha kinga. Lakini makohozi yakionekana safi, swali halijaisha.

Ndugu msomaji, ukianza kuishiwa pumzi, usimwambie daktari "nina kifua" tu. Mwambie una baridi yabisi, na umtajie dawa unazotumia.