Mapigo ya Ubongo

Tangu kale watu wamejua kwamba moyo hupiga. Mtu yeyote aweza kuweka mkono kifuani mwake akayahisi mapigo yake, bila chombo wala mwalimu. Lakini ubongo, ambao ndio makao ya akili, hauna sauti wala mtikiso. Ukilishika fuvu lako wakati unapofikiri, hutahisi kitu. Kwa hiyo karne nyingi zilipita pasipo mtu kujua kwamba ubongo nao una mapigo yake. Aliyeyagundua mapigo hayo katika kichwa cha binadamu ni daktari wa Ujerumani aliyeitwa Hans Berger, na habari yake yafaa isomwe yote, uzuri wake na ubaya wake.

Berger alizaliwa mwaka 1873 karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari, lakini yeye katika ujana wake alitamani elimu ya nyota. Kabla ya kuendelea na masomo aliingia jeshini kwa muda, akawa askari wa farasi. Siku moja, katika mazoezi, farasi wake aliinuka ghafula, naye akaanguka mbele ya gurudumu la mzinga. Farasi waliouvuta mzinga ule walizuiwa punde kidogo kabla ya gurudumu kumponda. Jioni ile ile ilifika telegramu kutoka kwa baba yake, ikimwuliza hali yake. Dada yake, aliyekuwa mbali nyumbani, alikuwa ameshikwa na hofu na kuwaambia wazazi kwamba ndugu yake yumo hatarini.

Yamkini jambo hilo lilikuwa sadfa tu. Berger hakuliona hivyo. Aliamini kwamba hofu yake ilitoka kichwani mwake ikaruka hata ikamfikia dada yake, akajiuliza ni nguvu gani iliyoweza kusafiri hivyo. Akaiacha elimu ya nyota, akashika utabibu. Mwaka 1897 alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Chuo Kikuu cha Jena, na mwaka 1919 akawa mkuu wake. Kwa miaka mingi alipima mwendo wa damu katika ubongo na joto lake, asipate alilolitafuta. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Berger hakuchoka kuinama.

Alikwisha kusoma habari za Richard Caton, daktari wa Liverpool, Uingereza, ambaye mwaka 1875 alieleza kwamba ameona umeme dhaifu katika ubongo wa sungura na wa nyani. Je, ubongo wa mtu hauna umeme kama huo? Tarehe 6 Julai, 1924, Berger alipata nafasi ya kujaribu. Kijana wa miaka 17 alikuwa ametibiwa kwa kupasuliwa fuvu, na mahali pamoja kichwani mwake palikuwa hapana mfupa. Hapo Berger aliunganisha waya na chombo cha kupimia umeme. Ndani ya chombo kile mlikuwa na uzi mwembamba sana kati ya sumaku. Umeme ukipita, uzi hutikisika. Siku ile uzi ulitikisika kidogo.

Mtu mwingine angalikimbilia kutangaza. Berger alinyamaza miaka mitano, kwa sababu hakuwa na hakika. Je, mtikiso ule haukutoka moyoni, ambao nao una umeme? Haukutoka katika misuli ya paji la uso, au katika ngozi, au katika mshipa wa damu? Alizichunguza shaka hizo moja baada ya moja. Aliyapima mapigo ya moyo na ya kichwa kwa wakati mmoja, apate kuyalinganisha. Aliwapima wagonjwa na wazima, akampima mwanawe Klaus mara nyingi, tena akajipima mwenyewe. Mwaka 1929 ndipo alipochapa makala yake ya kwanza juu ya umeme wa ubongo wa binadamu.

Alilolionyesha ni hili. Mtu akikaa kimya, macho yamefumbwa, mawimbi makubwa hutokea, yapata 10 katika kila sekunde. Berger aliyaita mawimbi ya alfa. Mtu akifumbua macho, mawimbi hayo hupotea mara moja, na mahali pake huonekana mawimbi madogo ya haraka zaidi, ambayo aliyaita beta. Hata macho yakibaki yamefumbwa, mtu akipewa hesabu ngumu ya kichwa, alfa huweza kufifia. Umeme wenyewe ni mdogo ajabu. Wimbi la kawaida lina nguvu kama sehemu moja katika 30,000 ya nguvu za betri moja ya tochi. Umeme dhaifu namna hiyo hauwezi kubeba hofu ya mtu toka mji hadi mji. Berger alitafuta kitu kimoja, akapata kingine.

Wataalamu wengi hawakumwamini. Walidhani mawimbi yale ni kasoro za chombo chake. Mmoja wa wenye shaka alikuwa Edgar Adrian wa Cambridge, mwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932. Lakini Adrian hakutosheka na shaka tupu. Yeye na mwenzake Matthews walitengeneza vyombo vyao, wakarudia kazi ile. Mwaka 1934 Adrian aliketi mbele ya wataalamu wenziwe, waya zikiwa kichwani pake. Alipofumba macho, mawimbi yalitokea, alipofumbua, yalitoweka. Adrian na Matthews walionyesha tena kwamba mtu akitazama mwanga unaowaka na kuzimika upesi upesi, mawimbi ya ubongo huweza kuufuata mwendo wa mwanga ule.

Maana yake nini? Fikiri juu ya darasa. Wanafunzi wakikariri pamoja, sauti yao husikika hata ng'ambo ya uwanja. Kila mmoja akipewa hesabu yake, darasa halijalala, bali kazi imezidi. Walakini sauti ile kubwa haisikiki tena, kwa kuwa kila mtu anafanya lake. Adrian alifikiri kwamba chembe za ubongo zifanyazo kazi ya kuona zisipokuwa na shughuli hupiga pamoja, na nuru ya mambo mengi ikiingia machoni, umoja ule huvunjika. Wataalamu wa siku hizi wameongeza jambo. Mtu akielekeza nia yake upande wa kushoto bila kugeuza macho, alfa hupungua katika nusu ya kulia ya ubongo, ambayo ndiyo ipokeayo habari za kushoto, na huongezeka katika nusu nyingine. Huenda basi mapigo haya ni kama bawabu, azuiaye visivyotakiwa ili vinavyotakiwa vipite.

Faida ilionekana upesi. Mwaka 1935, huko Boston, Marekani, Gibbs, Davis na Lennox walionyesha kwamba aina moja ya kifafa ina mawimbi yake, yapata 3 kwa sekunde. Ugonjwa ambao watu wengi, hata huku kwetu, waliudhania kuwa pepo, sasa uliandikwa kwenye karatasi.

Lakini wakati huo huo, katika Ujerumani ya Hitler, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1934 iliamuru kwamba watu waliosemekana kuwa na magonjwa ya kurithi, na kifafa kilikuwa kimojawapo, wapasuliwe wasipate kuzaa tena. Berger alifariki mwaka 1941, na kwa miaka mingi vitabu vilimsifu kuwa mpinzani wa utawala ule. Baadaye wanahistoria walizifungua hati za zamani, wakakuta kwamba yeye mwenyewe aliketi katika mahakama ya rufani iliyoamua mambo hayo huko Jena. Mtu aliyewapa wenye kifafa chombo cha kuwafaa alikuwa pia miongoni mwa waliowahukumu.

Basi, msomaji kijana, usidhani kwamba elimu ya ubongo peke yake humfanya mtu awe mwema. Wala usiyakatae mawimbi ya alfa kwa sababu ya makosa ya aliyeyagundua. Yapo kichwani mwako sasa hivi, nawe ukifumba macho yatainuka. Adrian hakuikubali kazi ya Berger mpaka alipoipima mwenyewe. Wanahistoria nao hawakuzikubali sifa zake mpaka walipozisoma hati. Vipimo vya Berger vilithibitika, lakini sifa zake hazikuthibitika.