Ukokotoaji wa Pembezoni katika Mitandao ya Simu

Ukokotoaji wa pembezoni ni mpangilio wa mtandao wa simu ambamo seva, yaani kompyuta zinazohifadhi na kuchakata data, huwekwa karibu na minara inayomhudumia mteja badala ya kurundikwa katika vituo vikubwa vya data vilivyo mbali. Taasisi ya Viwango vya Mawasiliano ya Ulaya, ETSI, iliunda kikundi cha kuandaa viwango vya mpangilio huo mwaka 2014.

Faida kuu ya mpangilio huo ni kupunguza ucheleweshaji, ambao ni muda unaopita kati ya ombi na jibu, na chanzo cha ucheleweshaji ni cha kifizikia: mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, hivyo ombi linalotoka Dar es Salaam kwenda kwenye seva iliyoko London, umbali unaozidi kilomita 7,000, haliwezi kujibiwa kabla ya milisekunde 70 za kwenda na kurudi kupita, hata vifaa viwe bora namna gani. Aidha, picha za kamera za barabarani zikichujwa kwenye seva ya karibu, mzigo wa njia kuu za mtandao hupungua.

Changamoto nzito zaidi ni gharama, kwa kuwa kila kituo kidogo cha pembezoni huhitaji umeme wa uhakika, mitambo ya kupoza na ulinzi. Tena mteja anaposafiri, kazi yake hulazimika kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine bila kukatika. Kwa sababu hizi, kazi zisizohitaji jibu la haraka, kama kuhifadhi nakala za kumbukumbu, hufaa zaidi kubaki katika vituo vikubwa.