Mshirikina ni nani? Manabii na maneno yetu ya kurudi

Katika Kiswahili cha Kilosa, kama kwingineko Tanzania, mtu akiitwa mshirikina anaeleweka papo hapo: amevaa hirizi, anakwenda kwa mganga usiku, au amefukia kitu golini kabla ya mechi. Neno limeshahamia upande wa uchawi. Kumbe asili yake haina tunguri wala ubani. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule ule uliotupa mshiriki, shirika, ushirika wa wakulima na usharika wa Walutheri: kuwa na mwenzio katika jambo, kugawana kitu. Mshirikina wa asili ni mtu anayempa Mungu mbia. Ndiyo maana Waislamu wanaposema shirki bado wanalisikia neno hili vizuri kuliko sisi wengine. Hao hawaulizi kwanza kuhusu hirizi. Wanauliza ni nani amewekwa pamoja na Mungu.

Manabii wa Kiebrania nao wangeuliza hivyo. Amosi na Hosea walisema katika karne ya 8 kabla ya Kristo, Yeremia na Ezekieli wakaishi mpaka Yerusalemu ikaanguka mnamo mwaka 586. Wengi wa watu waliowakemea walikuwa watu wa ibada. Walifunga, walichinja, walijaa hekaluni siku za sikukuu. Ezekieli anaonyeshwa wazee 70 wa Israeli wakifukiza uvumba gizani mbele ya michoro ya wadudu na wanyama, na mahali penyewe ni ndani ya hekalu la Yerusalemu. Hawakuhama dini. Walimwongezea Mungu wao wabia, na wakajiambia kwamba haoni.

Nalisema hili nikiwaza kata ya Magomeni, mjini Kilosa, mji wenye misikiti na makanisa, na vilima vya Ukaguru vikiwa upande wa kaskazini. Huko Mamboya wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mmoja wao, J. T. Last, akachapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Walimkuta Mulungu amekwisha kuwa na jina, na jina hilo wakalipokea. Walilolikataa ni tambiko: pombe na unga vinavyopelekwa kwenye makaburi ya wazee, hasa mvua inapokawia au ugonjwa unapokaa nyumbani. Tangu hapo, kwa waumini wengi, ibada ya sanamu imekuwa na anwani moja. Iko kule mlimani, kwa wale wazee wasiosoma.

Lakini historia ya Biblia ya Kiswahili ilichukua njia ambayo wahubiri wengi hawaikumbuki. Mwaka 1937 ilitoka Biblia ya Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani aliyejitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Nabii akamwita mfumbuaji, yaani mwenye kufumbua lililofumbwa. Na kuhani, mtu wa ukoo wa Haruni anayesimama madhabahuni? Huyo Roehl alimwita mtambikaji. Kwa hiyo neno lile lile lililotajwa kanisani kama dhambi ya babu lilikuwa, katika Biblia hiyo, kazi takatifu ya Haruni. Biblia ya Union ya 1952 ilitumia kuhani na nabii, nayo ndiyo iliyoenea. Mimi naona Roehl alishindwa kwa heshima. Uamuzi wake unatulazimisha kukiri kwamba tendo la kutoa, kumwaga na kuchinja lilikuwa moja, na kwamba manabii waligombana na watu juu ya nani anapewa na kwa mikono ya namna gani. Sisemi kwamba Isaya angelipita tambiko la kaburini bila neno; ana maneno makali kwa wanaowauliza wafu habari za walio hai. Ila ni Isaya huyo huyo aliyesema, katika sura yake ya kwanza, kwamba Mungu amechoshwa na kafara za hekaluni kwa sababu mikono ya wanaozileta imejaa damu. Kemeo la pili ndilo refu zaidi.

Tukija kwenye neno sanamu, hapo Kiswahili kinatupunja. Sanamu kwetu ni neno lisilo na ugomvi. Sanamu ya Askari imesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 na hakuna anayehisi kwamba inamshindania Mungu. Kinyago nacho kina hadhi yake dukani na kwenye jumba la makumbusho. Manabii hawakuwa na neno baridi kama hilo. Isaya anasema "elilim", neno linalocheza na "elohim", Mungu, huku maana yake ikiwa vitu visivyofaa. Katika kitabu cha Ayubu mzizi wake unatumika kwa waganga wasioponya. Yeremia anasema "hevel", pumzi inayotoka kinywani na kupotea, kisha anaongeza jambo zito zaidi: waliofuata pumzi wamekuwa pumzi. Ezekieli anapenda "gillulim", ambalo kati ya mara zake 48 katika Biblia ya Kiebrania mara 39 ziko katika kitabu chake, na wataalamu wengi husikia ndani yake neno la mavi. Na hizo gillulim, anasema katika sura ya 14, wazee wamezipandisha mioyoni mwao. Hakuna shoka linalofika huko.

Kuna mahali ambapo mazingira ya Kilosa yanamfafanua nabii vizuri kuliko kamusi. Jina Magomeni, likisomwa kwa sarufi peke yake, ni penye magome ya miti. Mikumi nayo imepata jina kwa mivumo, ile minazi-pori mirefu. Isaya sura ya 44 ni habari ya mti. Mtu anakata mti, nusu yake anakokea moto, anaoka mkate, anaota joto na kuridhika. Nusu iliyobaki anaichonga, anaipigia magoti, anaiomba imwokoe. Fundi mwenyewe hana kosa kwa kuchonga, wala mti hauna kosa. Nabii anashangaa tu kwamba mtu hasimami kidogo kukumbuka kuni zilizobaki jikoni. Na Yeremia, sura ya 10, anaiita sanamu kwa maneno mawili ya Kiebrania yaliyowagawa watafsiri: baadhi wamesoma mti wa jamii ya mtende, umesimama wima, hauna sauti, wengine wamesoma kitu cha kutishia ndege katika shamba la matango. Msomaji aliyewahi kuamia mpunga asiliwe na kwelea kwelea hahitaji kuambiwa ni usomaji gani unauma zaidi. Kitu kile kina mikono na kofia, kinasimama shambani usiku na mchana, na ndege wakishakizoea wanatua juu yake.

Lakini kilele cha jambo hili kwangu ni Hosea, na sababu ni neno bwana. Baali, yule mungu wa mvua na mazao ambaye Waisraeli walimwendea, hakuwa na jina la ajabu. "Baal" ni neno la kawaida la Kiebrania kwa mwenye mali, mwenye nyumba, na pia mume, kwa kuwa mume alihesabiwa kuwa mwenye mke. Hata Kurani inalitumia neno hilo kwa mume, na mahali pengine kwa sanamu ile ambayo Nabii Ilyasi aliwakataza watu wake. Hosea sura ya 2 inatangaza siku ambayo mke hatamwita tena Mungu "baali wangu". Atamwita kwa neno jingine, "ishi", mwanamume wangu, mume wangu.

Katika lugha nyingi mstari huo unahitaji maelezo marefu. Kwetu unaingia moja kwa moja, kwa sababu bwana wa Kiswahili ni baali kamili: mwenye mamlaka, mwenye mtumwa, mume wa mtu, na tena ndilo neno ambalo Biblia zetu zimeliweka mahali pa jina takatifu la Mungu. Hosea akisemwa kwa Kiswahili anasema: siku hiyo hutaniita bwana, utaniita mume. Anagusa sala zetu zenyewe. Je, tunamwita Bwana kama mwenye mali anayepaswa kuridhishwa ili mvua inyeshe na mahindi yazae, au kama mtu tuliyefungamana naye? Wilaya ya Kilosa inaishi kwa mpunga, mahindi na mikataba ya mvua ambayo hakuna aliyeitia saini, kwa hiyo swali si la wasomi. Mke wa Hosea hakujua, asema nabii, kwamba nafaka, divai na mafuta alivyodhani vimetoka kwa Baali vilitoka kwa mumewe. Ibada ya sanamu kwa Hosea ni shukrani iliyopelekwa nyumba isiyo yake. Na mtu anaweza kuipeleka huko akiwa amepiga magoti kanisani, kama Mungu anayemwomba ni mwenye ghala tu. Mafuta ya upako na maji ya chupa yanayouzwa leo kwa jina la nabii yanastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho tunachompimia mzee wa tambiko. Yule nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa mwenyewe, mfalme Hezekia alilazimika kumvunja vipande, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba.

Sasa dawa yake. Manabii, waliokuwa na maneno mengi hivyo kwa sanamu, walitegemea kitenzi kimoja kwa kuziacha: "shuv". Kinapatikana zaidi ya mara 1,000 katika Biblia ya Kiebrania, zaidi ya mara 100 kwa Yeremia peke yake, nacho ni kitenzi cha barabarani: kugeuka, kurudi, kuja tena ulikotoka. Sisi tunayo maneno mengi. Tuna toba, ambayo kwa Kiarabu nayo ilikuwa kurudi lakini kwetu imekuwa majuto, mpaka tunaishangaa ajali kwa kusema "toba!" Tuna kuongoka. Tuna kuokoka, neno la ushuhuda ambalo mtu hulitajia tarehe, na baada ya tarehe hiyo jambo limekwisha. Amosi sura ya 4 hairuhusu tarehe. Anataja njaa, mvua iliyonyesha mji mmoja na kuukosa mwingine, nzige, tauni, vita, na mara 5 anarudia lalamiko moja la Mungu, kwamba hata hivyo hawakumrudia.

Ningependa wahubiri watumie zaidi geuka na rudi, kwa sababu maneno haya yanaweza mambo ambayo hata Kiebrania kingeyaonea wivu. Yeremia anacheza na mzizi mmoja kuwaita wana walioasi warejee. Kiswahili kinalo hilo tayari, maana kumgeuka mtu ni kumsaliti, na kumgeukia ni kumwelekea. Na rudi ina siri kubwa zaidi: kumrudi mtoto ni kumwonya na kumnyoosha. Katika Yeremia 31 Efraimu analia kama ndama asiyefunzwa, akikiri kwamba Mungu amemrudi, akiomba arudishwe ili apate kurudi. Tafsiri nyingine zinatafuta vitenzi viwili vya mbali. Kwetu adhabu na njia ya nyumbani ni kitenzi kimoja.

Kutubu hakuwezi kulibeba jambo la mwisho. Kwa Kiswahili mwanadamu anatubu, Mungu anapokea toba, basi. Lakini Zekaria na Malaki wanamsikia Mungu akiahidi kwamba watu wakimrudia naye atawarudia, kwa kitenzi kile kile. Ninawi, mji wa miungu mingi, unasikia mahubiri ya Yona, na agizo la mfalme wake halitaji sanamu hata moja. Linawataka watu warudi kutoka njia mbaya na dhuluma iliyo mikononi mwao. Kisha mfalme anauliza, huenda Mungu naye akageuka? Wakageuka wao, akageuka yeye.