Kuta za Nje Katika Maeneo ya Mvua: Aina ya Tofali Ndiyo Huamua Lipu

Uchaguzi wa lipu ya nje ni suala la msingi kwa wananchi wanaojenga katika maeneo yenye mvua nyingi, kama Bukoba mkoani Kagera, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 1,500. Ukuta bora hutimiza mambo mawili: huzuia mvua kupenya, na huruhusu unyevu uliokwishaingia kutoka.

Matofali ya saruji na ya kuchoma hupokea vyema lipu ya saruji, kwa kipimo cha ndoo moja ya saruji kwa nne hadi sita za mchanga safi. Lipu hiyo humwagiliwa maji kwa siku saba ili isipasuke.

Matofali mabichi ya udongo huhitaji tahadhari. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko udongo. Ikipata ufa, maji huingia nyuma yake na kukosa njia ya kutoka. Ukuta hulainika pasipo dalili nje, na unaweza kuanguka. Kwa nyumba hizo, lipu ya chokaa na mchanga hufaa zaidi kwa kuwa hupitisha mvuke. Chokaa ndiyo iliyotumika pia katika majengo ya mawe ya Mji Mkongwe, Zanzibar.

Hata hivyo, lipu pekee haitoshi. Upenu wa sentimita 60 au zaidi na msingi ulioinuliwa hupunguza maji yanayoufikia ukuta. Wananchi wanashauriwa kukagua na kuziba nyufa kabla ya masika.