Siku ya posho: jina la kupumzika lilitoka wapi?

Siku ya posho kisha saa sita za mchana, Iga Barrière inabadilika. Barabara ya kitaifa namba 27, inayotoka Bunia kadiri ya kilomita 25, haisimami: moto na magari yanaendelea kupita kuelekea upande wa Mongbwalu au Mahagi. Lakini kando ya barabara watu wanapunguza mwendo. Mama anamaliza kutwanga sombe na kukaa kidogo. Wazee wanapanga vifuniko vya chupa juu ya ubao wa dame. Kijana anatafuta kivuli cha kukaa na kitabu chake cha masomo, ama na radio ndogo ambayo mawe yake yamekaribia kuisha.

Katika sité za wakimbizi wa ndani, hapo ndipo swali linazaliwa. Je, mtu aliyefukuzwa kwake, ambaye hajui kesho atakula nini, ana haki ya kupumzika? Wengine wanaona haya hata kucheka. Historia ya jina la siku hii inaweza kuwasaidia.

Neno "posho" ni la zamani. Katika misafara iliyotoka pwani ya Zanzibar kuingia bara, posho ilikuwa chakula alichopimiwa mpagazi ili apate nguvu ya kuendelea na safari. Misafara hiyo ilifika mpaka pori la Ituri katika miaka ya 1880, pamoja na watu wa Kilonga-Longa waliokaa Ipoto. Hawakuja kwa wema: walitafuta pembe za ndovu, na walichukua watu utumwani. Watu wa misafara walijiita waungwana, na kutoka kwao Swahili ya huku ikapata jina la Kingwana. Lugha ambayo leo watu wa Ituri wanatumia sokoni, kanisani na kwenye radio ilifika na mizigo hiyo.

Kisha ikaja dhahabu. Mwaka 1903 dhahabu iligunduliwa Kilo, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto iliyojulikana kama SOKIMO. Vijana wa Djugu na wa mbali waliingizwa kazini, wengi bila kupenda. Katika kambi za kazi za Kongo ya Wabeleji, migodini na mashambani, chakula cha mfanyakazi kilipimwa kwa juma. Siku ya kupima ilikuwa mwisho wa juma, na watu wakaiita siku ya posho. Jina likashika. Lingala nayo ikalipokea: mposo ni juma, na siku ya mposo ni Jumamosi. Huko Uganda neno likaenda njia nyingine, posho ikawa ugali wenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi yetu haikupata jina kwa sababu ya raha. Ilipata jina kwa sababu ya kipimo cha chakula mikononi mwa mtu aliyechoka. Lakini watu wale waliifanya yao. Kisha kupokea posho, jioni ilikuwa ya mtu mwenyewe: kupika vizuri mara moja kwa juma, kutembelea ndugu, kucheza ngoma, kusimulia hadisi. Kesho yake ilikuwa siku ya yenga, siku ya sala. Bwana mkubwa alipima unga, lakini kicheko hakikuwa na kipimo.

Kusoma pia kuliingia kwa mlango huo wa mwisho wa juma. Misioni za Kikatoliki na za Kiprotestanti zilifundisha watoto na watu wazima herufi, ili wasome katekisimu, nyimbo na Biblia. Kitabu kilikuwa kimoja, na wenye kujua kusoma walikuwa wachache. Basi mmoja alisoma kwa sauti, na wengine wakasikiliza. Kabla ya kuwa jambo la mtu peke yake na macho yake, kusoma kulikuwa jambo la masikio mengi.

Mashariki zaidi, Waswahili wa Tanganyika walikuwa na gazeti la kila mwezi, Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Ndani yake mlikuwa habari, mafundisho ya kilimo, hadisi na mashairi. Upande wa Kongo, gazeti kubwa la wasomi weusi lilikuwa La Voix du Congolais, lililotoka Léopoldville tangu 1945 mpaka 1959 chini ya Antoine-Roger Bolamba. Lakini hilo lilikuwa la Kifaransa. Mchimbaji wa Kilo ambaye hakupita masomo marefu hakuweza kulifungua akacheka. Kwa watu wengi wa huku, Kifaransa kilibaki lugha ya ofisi na mitihani, na kwa sababu hiyo kitabu chenyewe kilionekana kama kazi, si raha.

Michoro ilisaidia kuvunja ukuta huo. Mwaka 1968 gazeti la hadisi za picha, Jeunes pour Jeunes, lilianza Kinshasa, na vijana wa mjini walijiona ndani yake: polisi, wahuni, wapenzi, lugha ya barabarani. Kutoka Kisangani alikuja Barly Baruti, aliyezaliwa mwaka 1959, ambaye michoro yake imefika mpaka Ulaya. Hadisi ya picha ina faida moja kubwa kwa jamaa: asiyejua kusoma anafuata picha, anayejua anasoma maneno, na wote wanacheka pamoja.

Na pale kitabu hakikufika, radio ilifika. Radio Candip, iliyozaliwa katika chuo cha ualimu cha ISP Bunia, ilianza kama chombo cha kufundisha. Tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ikaanza kusikika nchini, na Swahili ikiwa moja ya lugha zake. Kwa jamaa nyingi za Djugu, radio ndiyo iliyochukua nafasi ya yule msomaji wa zamani: sauti moja, masikio mengi.

Vita vilivunja mambo hayo yote mara mbili. Kwanza kati ya 1999 na 2003, kisha tena tangu Desemba 2017. Mtu akikimbia usiku anabeba mtoto, sufuria, godoro kama ana bahati, na karata yake ya uchaguzi. Kitabu kinabaki nyumbani, na nyumba inachomwa. Wengine walivuka ziwa Albert mpaka kambi ya Kyangwali, Uganda. Wengine wako chini ya mabashi, na watoto wao wanakua bila kusikia hadisi ambazo tate zao walisikia kando ya moto. Hasara hiyo haiandikwi katika ripoti ya magunia ya unga, lakini ipo.

Ndiyo maana siku ya posho si kitu cha kudharau. Jamaa isiyo na kitu inaweza kuanza na kidogo. Kitabu kimoja cha kuazima kwa mwalimu au kanisani kinatosha kwa watu kumi, kama mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanachambua maharagi. Biblia katika Swahili ya Kongo iko katika nyumba nyingi, na si mahubiri tu: mna habari za Yosefu na za Ruthu, watu waliokaa ugenini. Mwenye ndugu Tanzania au Uganda anaweza kuomba Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Ni hadisi ya mtu anayesimama mbele ya wakubwa wa nchi na kujitetea kwa maneno tu. Katika Ituri, hadisi kama hiyo haihitaji maelezo mengi.

Na kama hakuna kitabu kabisa, kuna koko na tate. Mtoto wa masomo achukue daftari, akae karibu, aandike hadisi wanayosimulia, pamoja na jina la kijiji ilikotoka. Juma lijalo aisome kwa sauti. Daftari hilo ni jepesi kubeba, hata usiku.

Juu ya hayo kuna raha zingine ndogo ambazo hazihitaji franga nyingi: chai yenye maziwa, hindi la kuchoma, karanga ndani ya karatasi. Mara nyingine karatasi ya karanga ni ukurasa uliong'olewa katika kitabu fulani, na mwenye kula anajikuta anasoma hadisi isiyo na mwanzo wala mwisho. Watoto wanapenda kubuni mwisho wenyewe.

Wapagazi na wachimba dhahabu walipimiwa posho ili wasianguke njiani. Aliye mbali na shamba lake leo ana njia ndefu kuliko yao. Kicheko cha siku ya posho ni chakula cha njia hiyo, na hakuna sababu ya kukionea haya.

Siku ya posho njema, na siku ya yenga ya amani, kwa wote walio makwao na wote wanaongoja kurudi.