Rekodi za Hugh Tracey za Kongo (1952)

Rekodi za Kongo za mwaka 1952 ni mkusanyo wa ngoma na nyimbo zilizonaswa na Hugh Tracey (1903–1977), mzaliwa wa Uingereza, katika nchi iliyokuwa zama zile chini ya utawala wa Wabelgiji. Katika safari yake ya kurekodi huko alinasa gitaa la Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na muziki wa Wabudu, Wambuti na Wanande kandokando ya msitu wa Ituri.

Fadhila kubwa ya Tracey, kwa rai yetu, ni adabu yake mbele ya ala za wenyeji: likembe, ambayo ndimi zake za chuma hupigwa kwa vidole gumba, hakuilazimisha kufuata mizani ya sauti ya piano ya Kizungu, bali aliipima kwa vyuma maalumu vya kupimia sauti na kuiandika hesabu yake, na wakati wa kurekodi aliishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kwa mpigaji au kwa mwimbaji kadiri muziki ulivyotaka, ndipo kila sauti ikatoka bayana.

Mwaka 1954 aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyotoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Maktaba hiyo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.