Lugha ndogo ndani ya takwimu za Adumi

Kila mwezi Kituo cha Afya cha Adumi, cha daraja la nne, nchini Uganda karibu na mpaka wa Kongo, hujumlisha wagonjwa walioandikwa kwenye madaftari yake na kujaza fomu ya HMIS 105. Takwimu zikishaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, mfumo huo huweza kuonya: waliokutwa na malaria hawawezi kuwazidi waliopimwa. Kanuni ya namna hiyo haimhitaji mhandisi. Ofisa wa wizara mwenye ruhusa huiandika kama fomula, na mkalimani aliyejengwa ndani ya mfumo huisoma na kuitekeleza papo hapo.

Chimbuko la DHIS2 ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Ubaguzi wa rangi ulipokwisha, Jørn Braa, Calle Hedberg na wenzao walijenga DHIS ya kwanza juu ya Microsoft Access, ambayo tayari ilibeba lugha ya Visual Basic tumboni. Wenye ujuzi wangeweza kuirekebisha watakavyo, lakini kila kompyuta ilikuwa na nakala yake, na nakala hazikukaa sawa kwa muda mrefu.

Chuo Kikuu cha Oslo kilipoijenga upya kama DHIS2, kwa lugha ya Java, ili itumike mtandaoni, swali lilikuwa zito: je, kila nchi ikitaka kipimo kipya, programu nzima iandikwe tena? Wabrazili walikuwa wamekutana na swali kama hilo mwaka 1993, walipounda lugha ndogo ya Lua huko Rio de Janeiro ili wahandisi wa kampuni ya mafuta ya Petrobras waziagize programu zao bila kuzifumua. Oslo walichagua kitu kidogo kuliko Lua: fomula za kujumlisha, kugawanya, kulinganisha na kuweka masharti. Haziwezi kufuta faili wala kugusa seva. Kwangu mimi, ufinyu huo ndio busara yenyewe, kwa kuwa takwimu za taifa zima zimo humo.

Kenya ilieneza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, Uganda mwaka 2012.

Hata hivyo, muuguzi akikosea kuhesabu daftarini, na namba zote zikawiana, fomula haioni kitu. Ndiyo maana wakaguzi bado hufika vituoni, hufungua madaftari na kuyahesabu upya, mstari kwa mstari, kando ya fomu iliyotumwa.